Mwenye Haki ya Kumshauri Mkulima: Maji ya Sale na Elimu ya Kilimo ya Karne ya Ishirini

Swali la nani ana haki ya kumwambia mkulima namna ya kulima huonekana, kwa mtazamo wa haraka, kuwa swali la kitaalamu ambalo jibu lake limo katika vipimo vya udongo, aina za mbegu na kalenda ya mvua. Hata hivyo, kila ushauri wa kilimo humtaka mtu auweke chakula cha nyumba yake rehani kwa kuliamini neno la mwingine, na kwa sababu hiyo hugusa mambo ambayo dini na falsafa zimeyajadili tangu kale, yaani amana, utii, dhamana ya mtu juu ya uhai wa mwenzake, na mipaka ya yale ambayo binadamu anaweza kudai kuyajua. Msimu uliopotezwa kwa ushauri mbaya haurudi, na njaa inayofuata haimpigi hodi aliyeutoa ushauri huo kama anaishi mbali na kulipwa mshahara.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ujuzi peke yake haumpi mtu mamlaka juu ya shamba la mwenzake, hata ukiwa ujuzi wa kweli. Mamlaka hayo huzaliwa pale mshauri anapokubali kufungwa na sheria ileile inayomfunga mkulima na kushiriki hasara endapo ushauri wake utashindwa. Akilikwepa sharti hilo, ushauri wake hugeuka amri, iwe imevaa joho la sayansi, la dini au la taifa. Hoja hii inaweza kupimwa kwa kuziweka pamoja nchi mbili zilizo mbali sana, ambazo historia ya karne ya ishirini ilizikutanisha kwa njia isiyotarajiwa: Tarafa ya Sale iliyoko kaskazini mwa Tanzania, na majimbo ya Kusini ya Marekani, ambako mfumo wa kisasa wa kuwapelekea wakulima elimu mashambani, unaoitwa ugani, ulipata umbo lake.

Tarafa ya Sale imo katika Wilaya ya Ngorongoro, magharibi ya Ziwa Natron, kwenye vilima na mabonde ya ukingo wa Bonde la Ufa, na ni nchi ya Wabatemi, watu wenye lugha ya Kibantu ambao maandishi mengi ya zamani yaliwaita Wasonjo. Wakiwa wamezungukwa na Wamasai, Wabatemi wameishi kwa vizazi vingi kwa kilimo cha umwagiliaji katika vijiji kama Digodigo, Samunge, Sale, Kisangiro na Oldonyo Sambu, wakilima mtama, uwele, kunde na viazi vitamu, na baadaye mahindi na maharage, katika nchi ambayo mvua zake ni chache na hazina uhakika. Mashamba yao ni ya namna mbili: hura, yaani mashamba ya bondeni yenye udongo mzito, ambayo hupandwa kwa maji ya mfereji kabla mvua hazijaanza; na magare, yaani mashamba ya miinuko yenye udongo mwepesi, ambayo hupandwa wakati wa mvua huku maji ya mfereji yakiyakinga mvua inapokatika.

Maji yenyewe hutoka katika chemchemi na vijito, huzuiwa kwa banio la mawe, matawi na udongo, kisha huongozwa katika mfereji mkuu unaogawanyika katika mifereji midogo mpaka yafike kwenye majaruba. Mwenye zamu huuziba kwa udongo na majani mlango wa jirani aliyemaliza, huufungua wa kwake, kisha huyasindikiza maji kutoka jaruba moja hadi jingine, akibomoa tuta dogo hapa na kulijenga pale, iwe mchana au usiku, mpaka saa yake ifike kikomo. Anayechelewa hupoteza zamu, anayeiba maji huukausha mmea wa mtu anayemfahamu kwa jina, na mafuriko yakilivunja banio hakuna shamba hata moja litakalopona mpaka watu wote watoke kulijenga upya. Katika mazingira kama hayo elimu ya kilimo haijitengi na maadili, kwa kuwa kujua kumwagilia maana yake ni kujua pia kungoja na kuacha, na mtu asiyejua mambo hayo mawili hawezi kuitwa mkulima mzuri hata kama mkono wake ni hodari.

Usimamizi wa maji umo mikononi mwa baraza la wazee wanaoitwa wenamiji, ambao cheo chao hurithiwa katika nyumba maalumu. Mwanaanthropolojia wa Marekani Robert F. Gray, aliyefanya utafiti kwa Wabatemi katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alieleza jinsi mamlaka ya wazee hao yalivyotegemea maji kuliko kitu kingine chochote: wao ndio waliopanga zamu, walioamua siku ya kukarabati mifereji na waliotoza faini kwa waliovunja utaratibu. Lakini kwa Wabatemi wenyewe mamlaka hayo yana chanzo kilicho juu ya wazee. Chemchemi na msitu unaoizunguka ni mahali patakatifu, na utaratibu wa kijiji umefungamana na Ghambageu, ambaye mapokeo humtaja kuwa mtu aliyeishi miongoni mwa watu, akafa na kufufuka, na ambaye hukumbukwa kila mwaka katika sikukuu ya Mase inayofanyika kijiji baada ya kijiji. Kwa imani hiyo mwenamiji hamiliki maji, bali ameyapokea kama amana, na jamii nzima huamini kwamba uchafu wa maadili katika kuyagawa unaweza kujibiwa na ukame.

Ingekuwa kosa kuupamba utaratibu huo kuliko unavyostahili. Wenamiji walikuwa na haki ya kwanza ya kupata maji, na waliokosa haki hiyo walilazimika kuyaomba na kuyalipia kwa asali au mbuzi, jambo linaloonyesha kwamba utakatifu ulilinda pia maslahi ya wenye vyeo. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, ni vipi baraza lenye upendeleo wa namna hiyo litaletwa kuwa kielelezo cha uwajibikaji. Jibu ni kwamba upendeleo na uwajibikaji ni mambo mawili tofauti, nayo yanaweza kukaa nyumba moja. Mwenamiji alipata maji mapema kuliko wengine, lakini aliyapata kutoka katika chemchemi hiyohiyo. Chemchemi ikipungua kwa sababu aliruhusu msitu wake ukatwe, au banio likivunjika kwa sababu alichelewa kuwaita watu, yeye naye angelala njaa mbele ya macho ya wale aliowatoza faini. Hapakuwa na mji wa mbali ambako angehamishiwa kazi, na kosa lake lilikuwa na mahakama mbili, ya binadamu na ya Mungu, ambazo zote aliziamini. Kasoro ya Sale ilikuwa katika mgawanyo wa faida, ilhali kasoro ya elimu ya kilimo ya kikoloni, kama itakavyoonekana, ilikuwa katika mgawanyo wa hasara, na hii ya pili ndiyo inayoua imani ya mkulima kwa mshauri wake.

Katika majimbo ya Kusini ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, swali hilohilo lilijitokeza kwa sura nyingine. Fukusi wa pamba, mdudu anayetaga mayai ndani ya vitumba vya pamba, alivuka kutoka Meksiko na kuingia Texas katika miaka ya 1890, na serikali ikamtuma Seaman Knapp kuwashawishi wakulima wabadili mbinu zao. Mwaka 1903, karibu na mji wa Terrell, Knapp alikataa kuanzisha shamba la serikali, akataka mkulima wa kawaida, Walter Porter, azitumie mbinu mpya katika shamba lake mwenyewe. Kabla ya mbegu kupandwa, wafanyabiashara wa mji walichanga mfuko wa kumfidia mkulima huyo endapo angepata hasara. Porter alipata faida, na wanahistoria wengi humhesabu Knapp kuwa baba wa ugani kwa sababu ya wazo la shamba la mfano, yaani shamba ambalo majirani huona kwa macho yao matokeo ya mbinu mpya. Hata hivyo, mfuko ule wa fidia ndio uliobeba uzito wa kimaadili wa jaribio lote, kwa kuwa kwa njia hiyo waliouhimiza mji ubadilike waliweka mali yao mahali pale ambapo mkulima aliweka chakula chake.

Kwa wakulima Weusi wa Kusini kazi hiyo ilifanywa hasa na chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, kilichoanzishwa mwaka 1881 na kuongozwa na Booker T. Washington. George Washington Carver, aliyefika hapo mwaka 1896, aliandika vijitabu vyepesi kuhusu kunde, viazi vitamu na karanga, mazao ambayo hulisha watu na, kwa yale ya jamii ya kunde, hurudisha rutuba ya udongo uliochoshwa na pamba. Naye aliifanya kazi hiyo kama mtu wa ibada, akiamini kwamba maumbile ni njia ambayo Muumba husema na watu. Mwaka 1906 Tuskegee ilianza kupeleka mashambani gari la kukokotwa na wanyama lililopakiwa zana na mbegu, na Thomas Monroe Campbell, aliyepewa gari hilo, akawa mtu Mweusi wa kwanza kuajiriwa na serikali ya Marekani kama afisa ugani. Heshima iliyomo katika kazi hiyo haipaswi kupunguzwa, kwa maana mwalimu aliyetoka katika watu wale wale, aliyejua deni na dharau vilivyowakabili, alikwenda mpaka kwenye jaruba la mkulima badala ya kumngoja ofisini.

Pamoja na hayo, mkulima aliyeambiwa apande kunde na kupunguza pamba mara nyingi hakuwa na ardhi yake. Alilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, huku akikopa chakula dukani kwa dhamana ya zao ambalo bado halijaota, na mkopeshaji alitaka pamba kwa sababu pamba ndiyo iliyouzika. Ushauri wa Carver ulikuwa sahihi, lakini aliyeshauriwa hakuwa na haki ya kuufuata. W. E. B. Du Bois alilalamika kwamba kuwafundisha watu Weusi kazi za mikono na kilimo huku suala la kura na haki za raia likiahirishwa ni kuwajengea nyumba isiyo na msingi, na katika jambo hili historia inampa uzito. Sheria ya mwaka 1914 iliyoufanya ugani kuwa mfumo wa nchi nzima ilipeleka fedha kupitia vyuo vya majimbo ambavyo, huko Kusini, vilikuwa mikononi mwa Wazungu, kwa hiyo hata mshauri Mweusi aliyekuwa karibu na watu wake alifanya kazi chini ya mamlaka yasiyowajibika kwa watu hao.

Mfano huo wa Kusini ulivuka bahari mapema. Mwaka 1901 ujumbe kutoka Tuskegee ulifika Togo, koloni la Wajerumani, kufundisha kilimo cha pamba, na katika kipindi hichohicho serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na tamaa ya pamba pia. Kuanzia mwaka 1902 ilianzisha katika wilaya za kusini mashamba ya pamoja ambayo watu walilazimishwa kuyalima chini ya maakida na majumbe, yaani watawala wadogo wa serikali hiyo, kwa malipo hafifu, wakati mashamba yao ya chakula yakingoja. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa mipamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kwamba upinzani huo uliwakusanya watu wa makabila mengi kwa nguvu ya maji yaliyotolewa kama dawa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ni jambo linalostahili kutafakariwa: amri ya kilimo isiyokuwa na dhamana yoyote ya kimaadili ilijibiwa na watu waliotafuta mamlaka ya juu kuliko ya jumbe, na mmea wa pamba ukawa kitu cha kwanza kushambuliwa.

Baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika, elimu ya Kusini ya Marekani ilikuja tena, safari hii kwa jina la huruma. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza shule zinazofungamana na kilimo, afya na maisha ya kijijini kwa mfano wa Tuskegee. Mwaka 1925 ilifunguliwa huko Kabete, Kenya, shule ya Jeanes, iliyopewa jina la mfuko uliowalipia walimu wazungukao vijijini huko Kusini. Fikra nyingi katika mpango huo zilikuwa njema, na dharau ya wasomi kwa jembe, ambayo tume iliipinga, ilikuwa ugonjwa wa kweli. Kilichosahaulika njiani ni mfuko wa Terrell. Shamba la mfano lilivuka bahari, mwalimu mzungukaji alivuka, vijitabu vilivuka, lakini dhamana kwamba mkulima hatabeba hasara peke yake haikuonekana kuwa sehemu ya elimu.

Matokeo yalionekana wazi katika miradi ya kuhifadhi udongo ya miaka ya 1940 na 1950. Huko Uluguru watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, yaani kuukata mteremko kuwa mfululizo wa vidato bapa ili maji ya mvua yasiukokote udongo. Kwa nadharia mbinu hiyo ni nzuri, lakini katika milima yenye tabaka jembamba la udongo wenye rutuba uchimbaji wake uliifukia rutuba na kuuleta juu udongo mfu, na mwenye shamba ndiye aliyetoa jasho la kuchimba, mavuno hafifu yakabaki yake, na faini ikamngoja alipokataa. Mwaka 1955 ghasia zilitokea huko Matombo na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Katika Wilaya ya Mbulu ya wakati huo, iliyojumuisha Karatu ya leo, mpango wa maendeleo ulidai wafugaji wapunguze mifugo na wafuate kanuni za matumizi ya ardhi, ingawa Wairaqw wa nyanda za asili yao walikuwa tayari wakilima kwa samadi, wakichimba mifereji ya kuyakinga mashamba na maji ya mvua na kuchanganya mazao katika shamba moja, huku wakiomba dua ambamo Looa, Mungu wanayemtaja kama mama, na roho za maji na ardhi huhusishwa na rutuba ya nchi. Watu hao hawakukosa elimu ya kuhifadhi udongo. Walikosa mtu wa kuwauliza kabla ya kuwaamuru.

Julius Nyerere aliliona tatizo hili kwa undani katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, ambamo alilalamika kwamba shule humfundisha mtoto kuudharau ujuzi wa wazee wake kana kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na akataka mashamba ya shule yaendeshwe kwa namna ambayo wanafunzi wenyewe wataonja faida na hasara ya maamuzi yao. Fikra hiyo inafanana sana na msingi wa Terrell na wa Sale. Lakini miaka michache baadaye serikali ileile iliwahamisha watu vijijini kwa nguvu, na sheria ndogo zikaamuru ekari ngapi zilimwe na zao gani lipandwe, mara nyingi na maofisa ambao mshahara wao haukutegemea mvua. Kosa hilo halikuwa la rangi ya mtawala wala la bendera yake. Lilitokana na kuamini kwamba nia njema na ujuzi wa jumla vinatosha kumpa mtu haki juu ya jaruba la mwenzake.

Mtu anaweza kupinga kwamba wakati umebadilika, na kwamba mapokeo hayawezi kujibu kila jambo. Pingamizi hilo ni la kweli. Viwavijeshi vamizi, vilivyoingia Tanzania mwaka 2017 na kuyashambulia mahindi, havikuwa katika kumbukumbu ya mzee yeyote. Idadi ya watu wanaohitaji maji imeongezeka. Na katika vijiji vya Sale serikali ya kijiji na wenamiji wamelazimika kutafuta namna ya kuishi pamoja, kwa kuwa sheria ya nchi inatambua halmashauri inayochaguliwa na watu, ilhali mfereji umezoea sauti ya wazee. Mtaalamu anahitajika, na anayemfukuza kwa sababu ya kiburi cha mila huwanyima watoto wake chakula. Hata wenamiji wanapaswa kukubali kuulizwa, hasa na wale ambao kwa muda mrefu waliyapata maji kwa kuyaomba, kwa maana amana isiyokubali kuhojiwa huoza na kuwa mali binafsi.

Lakini kuhitaji ujuzi hakumwondolei mwenye ujuzi wajibu wake. Ujuzi wa kisayansi husema yale yanayotokea kwa kawaida, katika mashamba mengi, kwa wastani, wakati mkulima anaishi katika shamba moja na msimu mmoja, na pengo kati ya wastani na shamba lile moja haliwezi kuzibwa na takwimu. Huzibwa na mtu anayekubali kusimama katika pengo hilo. Dini zinazofuatwa leo Karatu na Ngorongoro zinakutana hapa bila kulazimishwa: Mwislamu anayeamini kwamba mwanadamu amewekwa kuwa khalifa katika ardhi, Mkristo anayeamini kwamba yeye ni wakili atakayedaiwa hesabu, na Mbatemi anayeamini kwamba maji ni ya Ghambageu, wote wanakiri kwamba aliyepewa mamlaka juu ya uhai wa wengine atahojiwa juu ya uhai huo. Mshauri wa kilimo, awe muumini au asiwe, ameingia katika uwanja huo pale anapomwambia mama mwenye debe moja la mbegu aiache mbegu hiyo na kununua nyingine kwa mkopo.

Kwa hiyo kipimo cha elimu ya kilimo kinapaswa kuanza na swali ambalo wataalamu wamezoea kuliweka mwisho: ushauri huu ukishindwa, nani atalala njaa? Shamba darasa, ambamo wakulima hukusanyika kujaribu mbinu kwa pamoja na kuhukumu matokeo wenyewe, linaukaribia ukweli huo pale sehemu ya ardhi inapotengwa kwa ajili ya kujaribu, ili chakula cha mwaka kisiwekwe hatarini, na pale mradi unapoahidi kwa maandishi kufidia mbegu zitakazoharibika. Afisa anayelima ekari yake kwa maji ya mfereji uleule, anayekaa zamu na kulipa faini akiivunja, ana neno ambalo digrii peke yake haiwezi kumpa. Na pale mshauri asipoweza kushiriki hasara, kwa kuwa ni mgeni au mwajiriwa wa muda, haki inamtaka afanye jambo dogo zaidi lakini gumu, yaani aseme anachokijua na mpaka wa anachokijua, kisha amwachie mkulima uamuzi bila faini na bila kumwita mkaidi. Mkulima anayekataa mbegu ngeni katika mwaka wa ukame hajakataa elimu. Anatimiza wajibu ambao hakuna mtaalamu aliyejitolea kuubeba pamoja naye, na mpaka ajitokeze wa kuubeba, kukataa kwake ni haki inayostahili kuheshimiwa na serikali, shule na nyumba za ibada kwa pamoja.